Plastiki za gari zimepauka zaidi upande mmoja: nipige rangi, nichome moto au nipake dizeli?

#1 Mwana wa Gungu (Kigoma)

Wakuu salaam.

Nina RAV4 ya 1997, zile za kwanza kabisa, milango mitano. Injini haina shida, bodi haina kutu ya kutisha. Kinachoniumiza ni plastiki za nje: bampa la mbele na la nyuma, zile zinazozunguka matairi na za chini ya milango. Zilikuwa kijivu kilichokolea, sasa zina rangi ya majivu ya jikoni. Ukipitisha kidole kinatoka na unga mweupe. Halafu bampa la mbele lina ufa wa kama sentimita 12 kona ya kushoto, niligonga kisiki nikitokea Uvinza usiku.

Kinachonishangaza zaidi: upande wa kushoto umepauka vibaya kuliko wa kulia. Gari moja, jua moja, mvua moja.

Nimeuliza mafundi watatu hapa mjini. Wa kwanza, wa Mwanga, kasema apige puti na rangi nyeusi, asubuhi naleta jioni nachukua. Wa pili kasema achome kwa moto wa gesi, rangi itarudi yenyewe. Wa tatu kasema nisipoteze hela, nipake dizeli kila Jumapili. Kila mmoja anawashangaa wenzake wawili. Gari hili aliliacha marehemu mzee wangu na nataka lisimame kama alivyokuwa analitunza yeye. Nani nimfuate?

#2 Dereva wa Uvinza

Dizeli mkuu. Mwaka wa sita huu nafanya hivyo kwenye Probox yangu. Unapaka jioni kwa kitambaa, asubuhi bampa jeusi tii.

#3 Binti Katubuka

Mkuu namba 2, na vumbi je? Kaka yangu alikuwa anapaka dizeli hivyo hivyo. Akitoka hapa kwenda Kasulu enzi zile barabara ya vumbi, gari lilikuwa linafika na bampa jekundu kama tofali. Mafuta yanashika vumbi, ukiosha unabaki na tope.

#4 Fundi Bodi Isevya (Tabora)

Mwangaluka. Nanyoosha bodi na kupiga rangi hapa Tabora, mwaka wa kumi na tisa sasa. Mleta mada, katika mafundi wako watatu sioni aliyekuuliza swali la kwanza: hiyo ni plastiki gani?

Lala chini ya gari na tochi. Nyuma ya kipande utaona herufi zimegongwa katikati ya vimshale viwili, hivi: >PP< au >ABS<, au PP inayofuatiwa na EPDM, maana yake imechanganywa na mpira. Mabampa mengi ni jamii ya PP. Sho (ile grili ya mbele) na maganda ya saiti mira (vioo vya pembeni) mara nyingi ni ABS, plastiki ngumu zaidi. ABS ukiisugua vizuri inapokea rangi. PP haipokei kitu, hata gundi inaikimbia. Ni plastiki ile ile ya viti vya kukodi vya harusini. Umewahi kuona kiti kile kimepakwa rangi ikadumu? Bampa la PP ukilipulizia rangi bila praima ya plastiki (ile rangi ya chini inayoishikisha rangi ya juu), hata usugue kutwa nzima, baada ya miezi michache rangi inavuka kama ngozi ya nyoka. Mteja anarudi analalamika fundi kachakachua rangi. Rangi ilikuwa nzima. Hatua moja ndiyo iliyorukwa.

Na ufa usizibwe kwa puti ya bati. Ile ikikauka ni jiwe, bampa linacheza. Makorongo mawili tu inaachia.

#5 Mwalimu wa Jografia

Nimefundisha miaka mingi Tabora na Kigoma, niongezee hapa chanzo.

Plastiki nyeusi au ya kijivu imetiwa masizi laini na dawa za kuikinga na ile miale ya jua isiyoonekana kwa macho. Dawa hizo hazikai milele. Zikiisha, jua linakata plastiki yenyewe juu juu, inabaki nyufa ndogo sana na unga. Weupe unaouona ni ngozi ya juu iliyokufa.

Kuhusu upande wa kushoto: Kigoma iko kama nyuzi 5 kusini ya ikweta. Jua linakuwa utosini mara mbili kwa mwaka, mapema Machi na mapema Oktoba. Katikati ya hapo, miezi yote ya kiangazi, linapita upande wa kaskazini. Kwa hiyo ubavu wa gari unaotazama kaskazini unapigwa na jua zaidi. Naomba utuambie kazini unaegesha gari likitazama wapi.

#6 Mwana wa Gungu

Mwalimu shikamoo. Kazini naegesha likitazama ziwa, kuanzia saa mbili asubuhi hadi saa kumi na moja.

#7 Kijana wa Kaliua

Ziwa liko magharibi. Gari likitazama magharibi, kaskazini ni mkono wa kulia. Basi kulia ndiko kungepauka! Mwalimu, hesabu yako imegeuka.

#8 Mwalimu wa Jografia

Marahaba. Kijana wa Kaliua yuko sahihi, kwa maegesho ya kazini hesabu inanikataa. Nyumbani je? Na Jumamosi na Jumapili?

#9 Mwana wa Gungu

Nyumbani linatazama geti, geti liko kaskazini. Kushoto kunakuwa magharibi, jua la alasiri linalipiga. Kulia kuna mwembe. Lakini nyumbani mchana linakaa siku mbili tu kwa wiki.

#10 Binti Katubuka

Siku mbili kwa wiki mara miaka ishirini na kitu si kidogo. Mwembe ndio uliookoa upande wa kulia.

#11 Mstaafu wa Reli (Tabora)

Mwembe nao una mambo yake. Tabora tumezungukwa na miembe tangu enzi za misafara, kila mtu anaegesha kivulini. Utomvu unadondoka, popo wanafanya yao juu ya boneti, unakuta rangi ya bati imeungua madoa. Hata hivyo ni kweli plastiki za kivulini zinadumu. Peugeot yangu ilikaa chini ya mwembe mmoja miaka mingi, bati limechoka, mabampa meusi bado.

#12 Dereva wa Uvinza

Mnaenda mbali na jua lenu. Sisi tunaendesha kushoto. Upande wa kushoto ndio unaokaa kwenye bega la barabara, kwenye mchanga, nyasi na kokoto. Plastiki inapigwa msasa kila siku. Hakuna siri hapo.

#13 Kijana wa Kaliua

Mzee wangu, lori linalokuja mbele yako linapita upande wako wa kulia, na ndilo linalomwaga vumbi na kokoto. Kwa hoja yako bado kulia ndiko kungechakaa.

#14 Dereva wa Uvinza

Basi wewe hujawahi kupishana na lori barabara nyembamba. Ukiliona unashuka pembeni, tairi za kushoto zinaingia kwenye vichaka. Nimeendesha njia hiyo kabla Daraja la Kikwete pale Malagarasi halijawekwa, nakwambia ninachokijua.

#15 Mama Duka la Rangi (Kanyenye, Tabora)

Salaam wote. Nauza rangi za magari. Swali langu kwa mleta mada: nani anaosha gari?

Wengi wanaoshewa na vijana kwa sabuni ya unga iliyokorogwa nzito kwenye ndoo, na stilwaya ileile ya sufuria. Kijana anaanzia upande mmoja kila siku, sabuni ikiwa kali na nguvu zikiwa mpya. Akifika upande wa pili ndoo imekuwa maji. Nimewaona kwa macho yangu nje ya duka.

Pia naunga mkono namba 4. Praima ya plastiki ninayo rafuni, kopo dogo, ila inakaa hadi vumbi linaishika. Mteja akisikia bei yake imekaribia ya rangi anasema "weka hiyo rangi tu mama, fundi atajua." Fundi anapuliza, inabanduka, mteja ananirudia mimi.

#16 Mwana wa Gungu

Mama Duka umenigusa. Anayeosha ni kijana wa jirani, na ni kweli sabuni ni ya unga. Anaanzia wapi sijui, nitamchungulia Jumamosi.

Fundi wa Isevya, herufi nitazitafuta kesho. Zikiwa zimefutika?

#17 Mvuvi wa Kibirizi

Zikifutika kata kijipande chembamba kwa ndani pasipoonekana, tupia kwenye bakuli la maji. Ikielea ni PP, ikizama ni ABS. Ziwani tunaona kila siku: vifuniko vya chupa vinaelea, vinakwenda hadi ng'ambo Kongo.

#18 Maabara ya Shule

Mkuu 17 uko karibu sana na ukweli, ila mabampa yana mtego. PP tupu ina uzito wa kama gramu 0.9 kwa sentimita moja ya ujazo, ndiyo maana inaelea. ABS ni kama 1.05, inazama. Lakini watengenezaji huchanganya PP na unga wa talki ili isipindike kwa joto. Ikifika talki asilimia 20, nayo inazama. Utasema ni ABS kumbe ni PP, utaruka praima, yatakukuta aliyosema namba 4.

Ongeza kipimo cha pili: pamba yenye asetoni, ile ya kutolea rangi ya kucha, igusishe kwa nyuma sehemu iliyofichika. ABS inalainika na kunata. PP haishtuki.

#19 Fundi Bodi Isevya

Namba 18 nimekuvulia kofia. Hilo la talki mimi sikuwa nalijua kwa jina, ila mabampa yanayozama halafu yanakataa rangi nimekutana nayo na yamenisumbua sana. Sasa nimeelewa.

#20 Mzee wa Ujiji

Nyie vijana wa Tabora mnasumbuka bure, na Kigoma tuna mawese. Kidogo tu kwenye kitambaa.

#21 Mrina Asali wa Sikonge

Mzee wa Ujiji shikamoo. Mawese pikia mgebuka, ndiko yalikoumbiwa! Kwa plastiki Tabora tuna nta ya nyuki. Nayeyusha nta ndani ya chombo kilichokaa kwenye maji ya moto, naondoa jikoni kabisa, mbali na moto, ndipo nachanganya na tapentaini mpaka iwe laini kama siagi. Napaka nyembamba mno, nasugua kwa kitambaa cha pamba. Plastiki za pikipiki yangu na za Escudo ya shemeji zinapendeza miezi miwili mitatu. Haina harufu ya dizeli.

#22 Mzee wa Ujiji

Marahaba mjukuu. Mkimaliza kula asali yenu leteni hiyo nta tuijaribu.

#23 Fundi Bodi Isevya

Mrina, nta yako naiheshimu, mlangoni kwangu nimeipaka kwenye mbao. Ila nta ya nyuki inaanza kuyeyuka kwenye nyuzi 62 hadi 64. Bampa jeusi mchana wa Septemba hapa Tabora huwezi kuliwekea kiganja. Nta inalainika, vumbi linazama ndani. Na hatari kubwa iko mbele: siku ukiamua kupiga rangi, nta ile, mafuta yale, na hasa zile dawa za kung'arishia zenye silikoni, zote ni adui. Rangi inafika juu inajikusanya, inaacha vishimo vya duara. Sisi tunaviita macho ya samaki.

#24 Mvuvi wa Kibirizi

Macho ya samaki Tabora mmeyaonea wapi!

#25 Fundi Bodi Isevya

Kwenye bampa la mteja aliyetoka Kigoma!

#26 Mrina Asali wa Sikonge

Fundi nimekusikia. Ila mimi sina mpango wa kupiga rangi kamwe, kwa hiyo adui huyo hanihusu. Na naipaka nyembamba, vumbi halijawahi kunisumbua. Kila mtu na lengo lake.

#27 Mstaafu wa Reli

Naomba nitetee mafuta kidogo. Meli ya Liemba, Wajerumani walipoizamisha 1918 walizipaka injini grisi. Imekaa chini ya maji miaka, ilipoibuliwa injini zikafanya kazi. Mafuta ni kinga, historia inaonyesha.

#28 Mwalimu wa Jografia

Mzee mwenzangu, ni 1916, mwezi Julai, karibu na mdomo wa Malagarasi. Ikaibuliwa 1924 na kurudi kazini 1927. Wakati huo inazama ilikuwa bado inaitwa Graf von Götzen. Grisi ni kweli. Lakini ile ni chuma, adui yake ni maji na hewa, na kule chini hakukuwa na jua. Plastiki adui yake ni mwanga. Mafuta yanayopitisha mwanga hayamkingi mtu.

#29 Mstaafu wa Reli

1916, sawa, nimekubali. Marehemu babu alikuwa anatuambia 1918.

#30 Binti Katubuka

Turudi kwenye bampa jamani. Kuhusu moto hakuna aliyejibu. Mimi nimeona video nyingi, mtu anapitisha mashine ya hewa ya moto, plastiki nyeupe inageuka nyeusi hapo hapo. Ule si uchawi?

#31 Kijana wa Kaliua

Nimefanya. Escudo, plastiki za juu ya matairi. Siku ya kwanza niliita majirani waje kuona. Baada ya masika moja ikarudi kijivu. Nikachoma tena, mara ya pili haikuitikia kama mwanzo, na sehemu moja nilikawia kidogo, ikapinda na kubaki ina mng'ao wa ajabu. Vile vijichunuo vya asili, yaani mikwaruzo midogo ya kiwandani juu ya plastiki, vikalala, ngozi ikawa laini kama kioo. Haijarudi mpaka leo.

#32 Maabara ya Shule

Kijana wa Kaliua kaeleza vizuri. Moto unayeyusha ile ngozi ya juu iliyopasuka, nyufa ndogo zinazibika, mwanga hautawanyiki tena, jicho linaona nyeusi. Lakini dawa ya kukinga jua iliyokwisha haiwezi kurudishwa na moto. Unakopa siku za usoni.

#33 Fundi Bodi Isevya

Ila msimtukane moja kwa moja yule fundi wa gesi. Viwandani bampa la PP hupitishwa kwenye moto kabla ya rangi, sekunde chache tu, ili ngozi ibadilike ikubali kushika. Ni kazi tofauti: ule ni moto wa kuandaa, huu wa mitaani ni wa kurudisha weusi. Mimi mwenyewe nikikosa praima napitisha moto wa buluu haraka haraka, mkono hausimami, halafu napuliza papo hapo. Inasaidia. Haifikii praima, na sikushauri ujaribu nyumbani ukiwa na tangi la petroli nyuma ya kipande hicho. Vua kwanza, weka mbali na gari.

#34 Mama Duka la Rangi

Nyie mafundi ndiyo maana praima yangu inakaa rafuni!

#35 Kijana wa Mwanga

Mimi ni mmoja wa wapiga rangi wa hapa Mwanga, sijui kama ndiye niliyetajwa namba 1. Niseme kwa upande wetu. Mteja anakuja na elfu arobaini, anataka bampa zima, ufa uzibwe na jioni aende msibani. Kuvua bampa peke yake ni saa nzima, klipsi za zamani zinavunjika zote na mjini hazipatikani kirahisi. Tukimwambia kazi ya siku tatu anahamia kwa jirani. Tunajua kushona bampa kwa waya na kuzika waya kwa plastiki. Tunajua praima. Atakayelipa siku tatu tutamfanyia siku tatu.

#36 Mwana wa Gungu

Kijana wa Mwanga asante kwa kujitokeza, na sikukutaja kwa ubaya. Nipo tayari kwa siku tatu. Naomba wewe na Fundi wa Isevya mnielezee ufa unazibwaje, nimsimamie yeyote atakayeufanya.

#37 Fundi Bodi Isevya

Hapa ndipo kazi ilipo.

Kwanza osha mbele na nyuma, tope likibaki ndani ya ufa hakuna kitu. Mwisho wa ufa, pale unapoishia, toboa tundu la milimita 3. Bila tundu hilo ufa utaendelea kutambaa chini ya rangi. Lete kingo zikutane, zishike kwa koleo. Kwa nyuma, kwa chuma cha lehemu, chora mfereji wenye umbo la V ukifuata ufa, usipite zaidi ya nusu ya unene. Zamisha vipande vya wavu mwembamba usioshika kutu, au pini za waya, vikate ufa kama mishono ya hospitali. Vifunike kwa plastiki iliyoyeyuka. Geuza, fanya mfereji mbele, jaza plastiki tu bila waya, acha ipoe yenyewe, usimwagie maji. Kisha msasa namba 180, halafu 320, halafu 400.

Plastiki ya kujazia lazima iwe ya ukoo mmoja. PP kwa PP. Vipande vya kiti cha plastiki kilichovunjika vinafaa, geuza uangalie chini, ukiona pembetatu yenye 5 ndiyo PP. Madumu ya njano ya mafuta hayafai. Yana 2, ni jamii nyingine, yanaonekana kushika halafu yanabanduka kama ganda la korosho.

#38 Kijana wa Mwanga

Naafiki yote isipokuwa moja. Kwa bampa la mbele linaloguswa na kila kitu, mimi waya naacha upite pande zote mbili. Nimeona mishono ya upande mmoja ikifunguka.

#39 Fundi Bodi Isevya

Waya wa mbele ukisugua rangi ukiisha kidogo unachungulia. Tumeshatofautiana, mteja achague.

#40 Dereva wa Uvinza

Supaglu na magadi ya kuumulia mandazi? Ile inakuwa ngumu kama jiwe.

#41 Maabara ya Shule

Kwa ABS sawa, kwa saiti mira au sho. Kwa PP supaglu haishiki, na hicho kigumu kama jiwe ndicho kitakachopasuka bampa likipinda.

#42 Muuguzi wa Zamu (Tabora)

Samahani naingilia. Mnaongelea rangi, hakuna aliyeongelea mapafu. Zile klia (rangi angavu ya juu) na rangi za kuchanganya na hadina (dawa ya kuigandisha rangi) zina kemikali inayoweza kumletea mtu pumu ya kudumu. Akishakuwa nayo, hata kunusa kidogo tu kunamzidishia. Kaka yangu wa kuzaliwa alipuliza miaka kumi na moja kwenye kibanda kisicho na dirisha, kitambaa puani. Leo ngazi za kanisani anapanda kwa vituo. Kitambaa na barakoa ya karatasi havizuii mvuke ule. Inatakiwa barakoa ya mpira yenye vichujio vya kemikali, na kupuliza mahali pa wazi. Tafadhali wadogo zangu. Naona mnavyoipenda kazi hii.

#43 Kijana wa Mwanga

Dada asante. Hili sijawahi kuambiwa na mtu. Bei yake nitaiulizia wiki hii.

#44 Mama Duka la Rangi

Kwa plastiki zisizo na ulazima wa kung'aa, kama za hiyo RAV4, kuna rangi za kopo za kujipulizia zisizo na mng'ao, hazihitaji hadina. Mvuke upo bado, pulizieni nje. Lakini hadina haimo.

#45 Binti Katubuka

Kusafisha kabla ya praima, spiriti ya duka la dawa inatosha?

#46 Muuguzi wa Zamu

Soma kichupa. Spiriti nyingine za kusafishia ngozi zimetiwa mafuta ya nyonyo ili zisikaushe mgonjwa. Kwa ngozi nzuri, kwa rangi naona mtarudi kwenye macho ya samaki. Chukua isiyo na mafuta.

#47 Fundi Bodi Isevya

Muuguzi umetatua kesi yangu ya mwaka juzi! Nilisafisha vizuri, nikapuliza, vishimo bampa zima, nikamlaumu mteja kwamba kapaka silikoni. Nitampigia.

Jingine: msipige msasa mkali kwenye plastiki zenye vijichunuo, mtavifuta. Hapo tumia sabuni ya vyombo na dodoki gumu, praima nyembamba mara mbili, rangi nyembamba mara tatu. Na msipulize mvua ikinyemelea, rangi inaingiwa na ukungu mweupe. Juni hadi Agosti asubuhi, mwagia sakafu maji vumbi litulie.

#48 Mwana wa Gungu

Wakuu nimerudi, wiki tatu zimepita. Nimelala chini ya gari na tochi.

Bampa la mbele: >PP<, ikifuatiwa na herufi nyingine zilizofutika. Plastiki ya juu ya tairi la mbele kulia: >PP<. Ya kushoto: haina herufi kabisa! Nimeuliza nyumbani, mama kasema mzee aliwahi kugongwa ubavuni Mpanda na kubadilisha kipande, mwaka haukumbuki. Kijipande chake kimezama, asetoni haikukigusa.

Kijana wa jirani nimemchungulia Jumamosi mbili. Moja kaanzia kushoto, ya pili kaanzia nyuma.

#49 Kijana wa Kaliua

Basi imeisha: kushoto ni kipande cha kununua, hakikutiwa dawa ya jua ya kutosha.

#50 Binti Katubuka

Haijaisha. Bampa ni moja, halijabadilishwa, na namba 1 alisema nalo limepauka zaidi kushoto.

#51 Mwana wa Gungu

Ni kweli, bampa nalo. Na plastiki za chini ya milango pia, zote za kiwandani.

#52 Mwalimu wa Jografia

Mimi narudi kwenye jua la alasiri na mwembe. Zamani za mzee gari lilikuwa linalala na kushinda nyumbani, sivyo? Alikuwa amestaafu?

#53 Mwana wa Gungu

Alistaafu 2009. Alikuwa analitoa Ijumaa tu kwenda msikitini Ujiji, na geti ni lile lile. Sikuwa nimelifikiria hilo mwalimu.

#54 Dereva wa Uvinza

Na kabla ya kustaafu alikuwa anaendesha njia gani? Nasisitiza vichaka.

#55 Mwana wa Gungu

Kasulu na Kibondo, miaka minane.

Kazi imeanza. Kijana wa Mwanga kashona ufa, waya pande zote mbili, samahani Fundi wa Isevya, amenishawishi. Bampa la mbele na plastiki za kulia zimepata praima na rangi isiyong'aa. Kile kipande cha kushoto kisicho na herufi nimekiacha bila rangi, nimekipaka nta aliyonitumia Mrina kwa treni. Picha nitaweka mvua za Novemba zikianza.

#56 Mrina Asali wa Sikonge

Nyembamba lakini! Futa iliyozidi.

#57 Mvuvi wa Kibirizi

Wakuu, na taa za mbele zilizokuwa njano kama mawese, nazo ni PP?

#58 Maabara ya Shule

Hapana mkuu, taa ni polikaboneti, dawa yake ni nyingine kabisa. Fungua uzi wake, tutakuja.